Kicheko Si Jibu

Sikumpenda yule kijana tangu siku ya kwanza, na kwa kuwa sikumpenda itanibidi niwe mwangalifu ninapomweleza. Daftari langu la mwaka ule lina maneno makali juu yake, na leo nikiyasoma naona mengine hakustahili. Kwa hiyo nianze na mazuri yake. Hakuwa mvivu. Alitembea kwenye tope jeusi la bonde letu, lile linalovua watu viatu, na hakumwomba mtu ambebee begi. Aliugua homa siku nne, akanywa klorokwini, akatapika, na siku ya tano akawa mlangoni kwangu na karatasi zake. Hakumgusa mwanamke wa mtu. Aliloahidi alitimiza. Hayo ni kweli, nimeyatanguliza.

Kilichonikera ni pale Mikumi, aliposhuka kwenye basi nami nimetumwa na mwenyekiti wa kijiji kwenda kumpokea. Alinitazama kuanzia kanga mpaka miguu.

"Wewe ndiye msaidizi wangu? Umesoma mpaka wapi, dada?"

Nikamwambia darasa la nne, ila ninafundisha kisomo cha watu wazima.

"Basi, afadhali," akasema, kwa sauti ya mtu aliyeletewa chai isiyo na sukari.

Alikuwa anasomea shahada ya pili. Hapo ndipo nilipojua kwamba mtu akishamaliza chuo kikuu anaweza kurudi tena kusoma, na kwamba uhalifu nao ni somo, lina walimu na vitabu vyake. Njiani alinieleza, na alieleza vizuri, sitamnyima hilo. Alisema polisi wanajua yale tu yanayofika kituoni, na mahakama ya Kilosa inajua machache kuliko polisi. Yeye anatafuta yale yasiyofika popote. Mtu ameibiwa kuku akanyamaza. Mwanamke amepigwa akasema kajikwaa. Hayo yakihesabiwa, alisema, ndipo nchi itajua haki yake inaishia wapi. Niliona ni jambo la maana na mpaka leo naona hivyo. Usiku ule nikaandika: "Anatafuta yasiyofika popote. Sijui kama yanapenda kutafutwa."

Kijiji chetu kilikuwa kipya. Tulikuwa tumehamishiwa bondeni, ng'ambo ya Tindiga, watu wa kila namna: sisi Wasagara tuliotolewa kwenye vitongoji vyetu, watu wa reli, na waliokata mkonge mpaka mashamba yakapunguza vibarua. Wengine walikuja wenyewe. Wengine walikuja baada ya mgambo kutia moto nyumba zao ili wasipate pa kurudi. Nyumba zote zilikuwa za nyasi isipokuwa ofisi ya kijiji, iliyoezekwa bati. Na kila karatasi iliyowahi kuletwa kwetu ilikuwa imemwondoa mtu mahali. Kwa hiyo kijana alipopita na karatasi zake, watu hawakumpokea vizuri. Mama mmoja alimwaga maji ya vyombo pale pale alipokuwa anataka kukanyaga. Walimwita Bwana Karatasi. Mimi wakaniita Mke wa Karatasi, na watoto wa majirani wakaniimbia.

Wanawake hawakutaka kuzungumza naye hata kidogo, ndiyo maana nikawa na kazi. Nilipita kila nyumba ya tatu, hivyo ndivyo alivyotaka, hata kama nyumba ya pili ndiyo yenye maneno. Maswali yalikuwa yamepigwa chapa. Tangu uhamie hapa, umewahi kuibiwa? Kitu gani? Unamshuku nani? Ulitoa taarifa? Kama hukutoa, kwa nini? Chini ya kila swali kulikuwa na mistari ya kuandikia. Amri yake ilikuwa moja: niandike lile lililosemwa, kwa maneno ya aliyesema, bila kuongeza wala kupunguza. Amri hiyo niliipenda. Nilijiona nimepewa kazi ya mtu mwaminifu.

Sasa niseme juu ya Mnyamwezi. Alikuwa mtu wa miaka hamsini hivi, amezaliwa kambini kwenye mkonge, mkewe amezikwa huko huko kambini, Tabora kwao hajawahi kufika. Lakini kwa kuwa ni Mnyamwezi na sisi ni Wasagara, alikuwa mtani wetu, na utani wenyewe wazee walisema ulianza na misafara ya pembe. Asiyeujua ajue hivi: mtani anakutukana na hukasiriki. Anaingia kwako anachukua kuku, na ukimkataza umejiaibisha. Alipokufa baba yangu mdogo, Mnyamwezi aliruka ndani ya kaburi akalala chali, akasema hatoki, pamekuwa kwake, mpaka alipopewa jogoo. Waombolezaji walicheka na machozi yakiwatoka. Ndiyo kazi ya mtani. Na ni yeye huyo huyo aliyechimba kaburi lile tangu alfajiri.

Kwa hiyo nilipofika kwa jirani yangu, naye anatwanga pamoja na wenzake wawili, nikamwuliza kama amewahi kuibiwa, akajibu bila kuacha kutwanga.

"Nimeibiwa sana."

"Na nani?"

"Si huyo mtumwa wetu, Mnyamwezi. Kaniibia jogoo mchana kweupe, msibani kwa baba yako mdogo, watu wote wanatazama. Andika. Tena ni mchawi, andika. Usiku anapanda fisi anakwenda Tabora, asubuhi kesharudi anaomba chumvi."

Mnyamwezi mwenyewe alikuwa anapita na mzigo wa nyasi za kuezekea. Akasimama.

"Andika na hili, mwalimu. Huyo mama nilimnunua kwa pakacha la chumvi, na chumvi yenyewe ilikuwa imelowa."

"Mwizi, pita."

"Napita, mke wangu. Chakula kiwe tayari."

Walicheka mpaka michi ikasimama. Niliandika yote, na pembeni mwa karatasi, kwa herufi ndogo, nikaandika: "Amecheka. Wote wamecheka." Nyumba nyingine tano za Wasagara zikanipa Mnyamwezi yule yule. Kwa mmoja kaiba mbuzi, kwa mwingine mtungi wa pombe, kwa bibi mmoja kaiba meno yake ya mbele. Kila mara niliandika pembeni kwamba amecheka.

Jioni ile kijana alizisoma, akafika kwenye maandishi ya pembeni.

"Hii ni nini?"

"Walicheka."

"Kicheko si jibu, dada. Futa."

Nikamweleza utani. Alinisikiliza mpaka mwisho, sitasema hakunisikiliza. Kisha akasema, "Utani naujua, kwetu pia upo. Lakini mwizi naye akikamatwa husema alikuwa anatania. Mimi nikiandika ni utani kwa sababu wewe umesema ni utani, walimu wangu wataniuliza, huyo msaidizi wako ni nani? Ni hakimu? Wewe andika. Kuchambua ni kazi yangu."

Akanipa kifutio. Nilifuta karatasi zote sita, nikapuliza mavumbi ya kifutio. Nimeishi na neno lile miaka mingi na sijapata jibu linalotosha, maana ni kweli, wako wezi wanaosema walikuwa wanatania. Lakini nilijua ninachofuta. Hilo nalo niliandike.

Karatasi ya saba ilikuwa ya mama mmoja mgeni, aliyetoka mbali, hana ukoo pale wala utani na mtu. Alizungumza mlango ukiwa umefungwa nusu, na hakucheka.

"Amechukua jembe langu nyuma ya nyumba. Huyo Mnyamwezi. Nimeliona shambani kwake. Nimelijua kwa mpini, nilichonga mwenyewe."

"Ulitoa taarifa?"

"Kwa nani? Yeye mgeni, mimi mgeni."

Hiyo pia niliiandika kama ilivyo. Na hapa nalazimika kusema jambo ambalo karatasi haikuuliza. Jembe la Mnyamwezi liliungua na nyumba yake kambini. Dukani kwetu majembe yalikuwa yamekwisha tangu mvua za mwanzo. Na asiyelima sehemu yake katika shamba la ujamaa hakuandikwa kuwa mwanakijiji, na asiyeandikwa hakupata kiwanja. Wiki moja kabla ya jembe la yule mama kupotea, Mnyamwezi alikuja kwangu kuazima langu. Alikuja bila tusi hata moja, akasimama nje. Nilikuwa nalo moja. Nikamwambia, "Mtumwa anaazima jembe tangu lini? Lima kwa kucha." Nilimjibu kwa utani kwa sababu aliniomba kweli, nami sikutaka kumpa. Akaondoka.

Mvua zilipozidi, nyumba ya nyasi aliyolala kijana ikawa inavuja, na karatasi zikaanza kulowa. Ni mimi niliyesema tuzipeleke ofisini chini ya bati. Zilitiwa kwenye kasha la majani ya chai lisilo na kufuli. Kijana akaenda Kilosa siku tatu kusoma majalada ya kesi za zamani mahakamani. Mwenyekiti alilikuta lile kasha mezani kwake, akalifungua, akayasoma makaratasi. Sisemi aliyaiba. Yalikuwa ofisini kwake, yanahusu watu wake, na yeye ndiye aliyepewa barua ya kumpokea mgeni.

Siku ya pili yake ukaitishwa mkutano wa kugawa viwanja. Mnyamwezi alikuwa amelima sehemu yake yote, kila mtu aliiona, na jina lake lilikuwa kwenye orodha. Wasioandikwa walikuwa warudishwe makwao kwa lori, na kwao yeye, kwa karatasi, ni Tabora. Mwenyekiti alipofika kwenye jina lake alinyanyua zile karatasi saba.

"Kabla hatujamwandika, ndugu zangu, tusikilize wake zetu wanasema nini juu ya huyu ndugu."

Akazisoma moja moja. Alikuwa na sauti nzuri ya kusomea. Ameiba jogoo mchana kweupe. Ni mchawi. Ameiba mbuzi. Ameiba pombe. Mwanzoni watu walitabasamu, wakadhani ni mchezo. Alipofika karatasi ya nne hakuna aliyetabasamu. Maneno yalikuwa yale yale, lakini yalisomwa na mwenyekiti, mgambo amesimama nyuma yake, nami nilisikia pengo pale nilipofuta. Hata habari ya meno ya bibi ilitisha.

"Nani aliyesema jambo hili la jogoo? Asimame."

Mtafiti alikuwa ameweka namba mahali pa majina ya wasemaji. Jina la Mnyamwezi tu ndilo lililokuwa wazi, kwa mwandiko wangu. Hakuna aliyesimama.

"Au mlimdanganya mgeni wa serikali? Maana hilo nalo ni kosa."

Jirani yangu alikuwa karibu yangu, anatazama ardhi. Nikamgusa. Akaninong'oneza bila kugeuka, "Usiniguse. Nilizungumza na wewe, sikuzungumza na ofisi." Nilikasirika naye siku ile. Leo sikasiriki. Akisema ni kweli, amemwangamiza mtani wake. Akisema si kweli, amedanganya serikali. Na utani ukishaanza kuuelezea mbele ya mgambo, si utani tena.

Mnyamwezi alikuwa amekaa chini, mikono juu ya magoti. Mwenyekiti akamwuliza ana la kusema. Akasema, "Hao ni watani zangu." Mwenyekiti akasema, "Kila mwizi ana watani," na wengine upande wa nyuma wakacheka kicheko kibaya.

Nikasimama. Nayaandika haya nikiogopa kujipamba, kwa hiyo nitasema tu yaliyotoka mdomoni.

"Ndugu mwenyekiti, karatasi hizo niliziandika mimi. Wanawake walikuwa wanatania, nami niliandika kwamba wamecheka, kisha nikafuta. Karatasi sita ni utani."

"Umefuta kwa amri ya nani?"

"Ya mtafiti. Lakini mkono ni wangu."

"Sita," akasema. Alikuwa mtu makini, hilo nalo ni haki yake. "Hapa ziko saba. Na ya saba?"

Ningeweza kusema saba. Neno moja tu, na pengine lingepita, maana tayari watu walikuwa wanaanza kupumua. Lakini yule mama mgeni alikuwa amekaa upande wa wanawake, ananitazama. Aliniambia mimi kwa sababu hakuwa na wa kumwambia. Nikaona nikisema saba nimemwibia mara ya pili.

"Ya saba si utani," nikasema. "Ya saba ni jembe."

Mwenyekiti akamgeukia Mnyamwezi. "Umechukua jembe la mtu?"

"Nimechukua."

Nilikuwa bado nimesimama. Nilikuwa na maneno mengine mdomoni, habari ya moto, habari ya duka, na habari ya kuazima. Nikajiuliza kama nikiyasema sitakuwa wakili wake, na mimi nimesimama hapo kama mwandishi. Nikakaa. Nilijiambia ndiyo haki, kutopendelea. Nadhani pia niliona aibu, maana habari ile ilikuwa inapita mlangoni kwangu. Sijui ni lipi lilikuwa kubwa zaidi. Nimejaribu kulipima tangu siku hiyo.

Walijadiliana kidogo. Uamuzi ulikuwa kwamba jembe lirudishwe, polisi wasiitwe, lori lisimchukue kwa kuwa sita zimeonekana ni utani, lakini kijiji kisimwandike. Mwizi mmoja, walisema, huzaa wengine. Aondoke mwenyewe kabla ya Ijumaa. Kwa hiyo niliokoa kitu na nikapoteza kitu, kwa kusimama mara moja.

Kijana aliporudi kutoka Kilosa nilimngoja njiani nikamweleza kabla hajatua begi. Alibadilika uso. Alikwenda moja kwa moja kwa mwenyekiti, na nilimsikia kwa masikio yangu akisema kwa ukali kwamba zile si ushahidi, ni utafiti, na hakuna mahakama duniani inayoweza kumhukumu mtu kwa karatasi kama zile. Mwenyekiti akamjibu polepole.

"Maneno ni ya wake zetu. Mwandiko ni wa mwalimu wetu. Ruhusa yako ina muhuri wa wilaya. Kama huo si ushahidi, bwana mdogo, ulikuja kukusanya nini?"

Alitoka akanigeukia mimi.

"Nani aliyeacha kasha bila kufuli?"

"Nani aliyenipa kifutio?"

Tulisimama pale tukitazamana kwa chuki, nasema chuki kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Kila mmoja alikuwa amesema kweli na haikumsaidia mtu. Baadaye alitulia, akasema ataziweka zile sita peke yake, hatazihesabu pamoja na wizi. Nikamwuliza na ya saba je? Akasema ya saba ni nzuri sana, ndiyo hasa aliyoitafuta: kosa lisilofika popote. Alisema hivyo kwa uchovu, si kwa furaha. Aliondoka wiki iliyofuata. Kazi yake sijaiona, na hata ningeiona nadhani imeandikwa kwa Kiingereza.

Alhamisi nilikwenda kwa Mnyamwezi. Alikuwa anabomoa. Nyasi na miti aliviacha, alichotaka ni mlango, wa mbao nzuri aliyotoka nayo kambini, alioutoa siku ile kabla moto haujafika. Alikuwa anang'oa misumari kwa jiwe na kipande cha chuma. Alikuwa anakwenda Mikumi, kuna mtu wa barabarani angempa pa kulala.

Nikamwamkia. Akaitika marahaba, kama mtu mzima anavyomwitika binti asiyemjua.

"Ulisema kweli," alisema baadaye, bila kuacha kazi. "Sikatai."

"Nilisema na zile sita."

"Ulisema. Nilisikia." Aliutoa msumari, akaunyoosha juu ya jiwe, akautia mfukoni. "Na siku niliyokuja kwako kuazima, hiyo uliisema?"

Nikamwambia hakuna aliyeniuliza.

"Hakuna aliyekuuliza," akasema.

Nilimwambia nitakwenda kusema sasa hivi. Akajitwisha mlango kichwani, akaushika kwa mikono miwili, nami nikampisha njia.

"Kaseme. Mimi nakwenda kabla jua halijawa kali."

Nilikwenda. Mwenyekiti alinisikiliza amesimama, akasema si vibaya, ila kikao kimekwisha na jambo kama hilo ni la kikao, nisubiri baada ya mavuno. Nilisubiri. Baada ya mavuno nilisimama nikasema yote, moto, duka, na jinsi nilivyomjibu alipokuja kuazima. Watu walisikiliza. Jirani yangu alilia. Yule mama mgeni alisema kama angejua wangelima kwa zamu. Katibu aliandika kila neno, akanisomea ili nihakikishe hakukosea, na hakukosea. Kisha mtu mmoja akauliza ni kiwanja kipi tunachozungumzia, tukatoka nje wote kukitazama. Kilikuwa na nyumba ya mtu mwingine, imeezekwa, na mkewe alikuwa ndani na mtoto mchanga.